Chukua Futikamba Kabla Hujachagua Skrini

Skrini yangu ya kwanza ya upana uliopitiliza ilikuwa ya inchi 49. Tuliipandisha ngazi mimi na mdogo wangu, yeye kashika mbele, mimi nyuma, na katikati ya ngazi akasimama kuvuta pumzi akaniuliza, "Dada, hii ni skrini au mlango?" Nilicheka. Miezi minne baadaye niliiuza. Haikuwa mbaya, ilikuwa nzuri sana. Tatizo ni meza yangu, iliyokuwa na kina cha sentimita 60, na mimi sikuwa nimeipima.

Mchana natafsiri mikataba na hati za mahakama. Usiku naendesha magari ya mashindano kwenye gemu, usukani nimeufunga kwenye ukingo wa meza ile ile. Kwa hiyo meza yangu ina waajiri wawili wasioelewana: mmoja anataka herufi ndogo zisomeke saa nane mfululizo, mwingine anataka upana, kasi na giza la kweli. Nimeshabadilisha mpangilio mara tatu, na haya ndiyo ninayomwambia yeyote anayeniuliza, kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe sasa.

Meza kwanza

Inchi za skrini hupimwa kona kwa kona, na kwenye skrini pana kipimo hicho kinapotosha. Mtu akisikia 34 anadhani imeizidi 27 kila upande. Sivyo. Skrini ya inchi 34 yenye umbo la 21:9 (upana 21 kwa kimo 9) ina upana wa sentimita 80 na kimo cha 33 na kidogo. Ya inchi 27 ya kawaida, 16:9, ina upana wa sentimita 60, na kimo chake ni hicho hicho, 33 na kidogo. Yaani ile pana ni 27 iliyoongezewa mbavu. Ya inchi 49 yenye umbo la 32:9 ina upana wa karibu sentimita 120 na kimo bado ni kile kile: ni 27 mbili zilizoungana bila mshono. Ukitaka kimo nacho kiongezeke, nenda kwenye inchi 38, yenye kimo cha sentimita 37 hivi, au 45, ambayo ni 105 kwa 44.

Sasa kata boksi. Nazungumzia boksi la kweli, la karatasi ngumu, kwa vipimo hivyo. Lisimamishe mezani kwa vitabu, kaa kwenye kiti chako cha kila siku, na uishi nalo jioni mbili. Utajua spika zitakaa wapi, mwanga wa dirisha utagonga upande gani, na kama ile skrini ya pili unayoiota ina nafasi au haina. Kwenye meza yangu ya upana wa sentimita 140, boksi la 120 lingenionyesha ukweli kwa dakika moja: zilibaki sentimita 20, nafasi ya kikombe.

Upana huonekana kirahisi. Kina ndicho kinachowaponza watu. Stendi za skrini pana zina miguu iliyotanuka kama ya bata, na kadiri skrini inavyopinda ndivyo mabega yake yanavyokusogelea. Miguu ya ile yangu ilimeza kama sentimita 40 za meza, macho yangu yakabaki sentimita 45 kutoka kwenye kioo. Ramani ya barabara iko kona ya kushoto, mafuta yaliyobaki kona ya kulia, nami nageuza kichwa huku na huku kama mtazamaji wa tenisi. Kwa inchi 34, urefu wa mkono ulionyooshwa unatosha, sentimita 60 hadi 75. Kwa 49 nataka 80, na meza isiwe na kina chini ya hapo.

Unaweza kuokoa sentimita kadhaa kwa kutupa stendi na kufunga skrini kwenye mkono wa chuma unaobanwa ukingoni mwa meza. Angalia mambo mawili: kama nyuma ya skrini kuna matundu manne ya skrubu yaliyopangwa kwa milimita 100 kwa 100, na kama mkono unabeba uzito wa skrini bila stendi. Yangu ilikuwa na kilo 12, mkono niliokuwa nao mwisho wake kilo 9. Ukiwa na skrini iliyopinda, acha na akiba, kwa sababu mabega yake yanavuta uzito mbele na mkono dhaifu huinamisha kichwa taratibu hadi asubuhi unaikuta skrini inatazama kibodi.

Anayelipa ni kadi ya michoro

Ukishajua ukubwa unaoingia mezani, usikimbilie kununua. Hesabu ya pikseli, vile vitone vinavyounda picha, ni kuzidisha tu. 1920 kwa 1080 ni pikseli milioni 2.07. 2560 kwa 1440 ni milioni 3.69. 3440 kwa 1440, ambazo ndizo za skrini nyingi za inchi 34, ni milioni 4.95. 5120 kwa 1440 za inchi 49 ni milioni 7.37, na 4K, yaani 3840 kwa 2160, ni milioni 8.29. Zipo hata za inchi 57 zenye 7680 kwa 2160, sawa na 4K mbili ubavu kwa ubavu, pikseli milioni 16.6. Kila fremu ya gemu, yaani kila picha moja inayopita, kadi ya michoro, ile sehemu ya kompyuta inayochora picha, inazipaka rangi zote upya.

Ukitoka 2560 kwa 1440 kwenda 3440 kwa 1440 unaongeza theluthi moja ya mzigo. Ukienda 5120 kwa 1440 unauongeza mara mbili. Kama kadi yako leo inahema kwenye fremu 60 kwa sekunde, skrini mpya haitaipa mapafu.

Habari njema ni kwamba unaweza kujaribu kabla ya kununua, kwa skrini uliyo nayo. Kwenye mipangilio ya kadi za NVIDIA na za AMD kuna uwezo wa kuchora gemu kwa ukubwa unaozidi skrini yako, kisha picha ikapunguzwa kuingia. Washa hiyo, chagua 4K ndani ya gemu unalolipenda, na uangalie idadi ya fremu. Ikikuridhisha hapo, 5120 kwa 1440 haitakushinda, na 3440 kwa 1440 itakuwa mteremko. Mimi nilifanya jaribio hili baada ya kununua, ndiyo maana nakwambia ulifanye kabla.

Kama unacheza kwa konsoli, sikiliza vizuri: PlayStation 5 na Xbox hazitoi picha ya 21:9. Utapata picha ya 16:9 katikati na mikanda miwili nyeusi pembeni, yaani utakuwa umelipia 34 kutazama 27. Hata kwenye kompyuta, kuna gemu zinazokataa upana huo, na nyingine zinaukubali wakati wa kucheza kisha zinarudi kwenye mikanda myeusi kila hadithi inaposimuliwa. Tafuta gemu zako tatu unazocheza kweli, siyo zile ulizozinunua kwa punguzo na hujazifungua, uone kama zinaukubali.

Paneli: hapa ndipo mchana na usiku vinagombana

Kuna familia tatu za paneli, yaani kile kioo chenyewe kinachotoa picha, na hakuna iliyonipa kila kitu.

IPS ni ya mtu wa kazi. Rangi hazibadiliki ukisogea pembeni, herufi ni safi, na huna cha kuogopa ukiacha hati ileile wazi siku nzima. Udhaifu wake ni weusi: utofauti wa weupe na weusi ni kama 1000 kwa 1, hivyo usiku ndani ya chumba chenye giza, nyeusi inakuwa kijivu na kona za skrini huvuja mwanga kidogo.

VA inafika 3000 kwa 1 na kuendelea, na giza lake linapendeza. Lakini pikseli zake nyingi ni nzito kutoka kwenye nyeusi kwenda kwenye kijivu. Niliwahi kuwa na moja: kila nilipoingia kwenye handaki kwa kasi, kuta zilivuta mkia kama rangi mbichi iliyopanguswa na kidole. Kwa filamu na gemu za polepole sina neno nayo. Kwa mbio, hapana.

OLED kila pikseli inawaka na kuzimika yenyewe, hivyo nyeusi ni nyeusi kabisa na mkia hakuna. Skrini za QD-OLED, aina mojawapo ya OLED, za inchi 34 zilianza kuingia mezani mwa watu mwaka 2022, na ukishaendesha gari usiku kwenye mvua ukiitazama moja, utaelewa kelele zote zile. Ila mimi ni mtafsiri. Windows hulainisha kingo za herufi kwa kudhani kila pikseli ina vitone vya nyekundu, kijani na bluu vilivyopangwa msitari mmoja, na OLED nyingi za pikseli 110 kwa inchi hazikupangwa hivyo. Matokeo ni uzi mwembamba wa rangi kwenye kingo za herufi. Wengine hawauoni. Mimi niliuona kwenye aya ya pili ya mkataba wa kwanza na sikuweza kuusahau. Jambo la pili ni alama kubaki: upau wa chini wa Windows, menyu za programu, ile misitari isiyohama saa nane kila siku, vinaweza kujichora humo moja kwa moja. Ukinunua OLED, ficha upau, weka mandharinyuma nyeusi, na acha tabia ya kuzima soketi ukutani, kwa sababu skrini hujisafisha yenyewe ikiwa imezimwa kwa kitufe lakini bado ina umeme.

Mimi nilichagua IPS ya inchi 34 na nikakubali kijivu chake. Mtu anayefanyia kazi skrini nyingine kabisa, na hii anaiwasha usiku tu, ningemwambia achukue OLED asiulize mara mbili.

Mpindo huandikwa kwa herufi R, na namba ni nusu kipenyo cha duara kwa milimita: 1800R ni duara la mita 1.8, 1000R ni la mita moja, kwa hiyo namba ndogo ndiyo yenye kupinda zaidi. Kwenye gemu 1000R inakukumbatia. Kwenye jedwali la hesabu msitari ulionyooka unaonekana kama upinde, na kwa miezi minne sikuuzoea. 1800R naikubali mchana na usiku.

Kuhusu Hz, yaani mara ngapi skrini inachora picha upya kwa sekunde: kutoka 60 kwenda 120 hata bibi yako ataona. Kutoka 144 kwenda 240 mimi huona nikiambiwa. Kinachonisaidia zaidi ni skrini kukubali kwenda na mwendo wa kadi, FreeSync au G-Sync, ili fremu zikishuka picha isikatike katikati. Na usibabaishwe na nembo ya DisplayHDR 400, inayoahidi mwanga mkali zaidi na giza zaidi. Ngazi hiyo haidai taa za nyuma zizimwe kwa vipande, na bila hilo mwanga mkali na giza kwenye picha moja ni hadithi tu.

Skrini ya kazi siyo ya kuokoteza

Hapa ndipo nilipokosea mara mbili. Kwa kuwa nilikuwa nimetumia nguvu zote kwenye ile kubwa, pembeni nikaweka skrini kuukuu ya inchi 22 niliyoikuta kabatini. Nyeupe yake ilikuwa ya manjano, ya jirani yake bluu. Kila macho yalipovuka kutoka moja kwenda nyingine yalianza upya kuzoea, na jioni kichwa kinaniuma. Herufi nazo zilibadilika ukubwa: dirisha likivuka mpaka linavimba.

Kinachozifanya skrini mbili ziwe ndugu ni msongamano wa pikseli, siyo inchi. Ya 34 yenye 3440 kwa 1440 ina pikseli 110 hivi kwa inchi. Ya 27 yenye 2560 kwa 1440 ina 109. Kimo ni kimoja, pikseli 1440 kwa 1440, herufi zinatoka ukubwa mmoja, na kipanya kinavuka bila kugonga ngazi. Ukitaka wanandoa wasiogombana, ni hawa. Ya inchi 24 yenye 1920 kwa 1080 ina 92, na dirisha litaruka kidogo. Ile 45 pana yenye 3440 kwa 1440 ina 83 tu, hivyo ukiitumia kwa maandishi utayaona meno ya herufi.

Mimi nilikwenda hatua moja mbele, na sijajuta: inchi 27 ya 4K. Ina pikseli 163 kwa inchi, na ukiiweka kwenye ukuzaji wa asilimia 150, 3840 gawanya kwa 1.5 ni 2560. Maana yake maandishi yanatoka na ukubwa ule ule wa jirani yake aliye kwenye asilimia 100, ila yamechongwa kwa kalamu nyembamba zaidi. Mihuri iliyofifia kwenye hati zilizoskaniwa, zile tarehe zilizopigwa juu ya saini, nazisoma sasa bila kukuza. Mchana programu ya tafsiri inakaa kwenye ile pana kwa sababu safu zake mbili zinataka upana, na hati ya asili inakaa kwenye 27. Nimeiweka kushoto kwa kuwa dirisha liko kulia.

Mambo mengine ya skrini ya kazi nayataja haraka. Iwe bapa. Iwe IPS. Uso wake usiwe wa kung'aa. Hz 60 zinatosha kabisa. Stendi iweze kupanda, kushuka na kuzunguka. Skrini ya kazi isiyopanda ni sawa na kiti kisichopanda. Mwenzangu mmoja wa kazi anatumia inchi 24 ya 1920 kwa 1200 akiwa ameisimamisha wima: ina upana wa sentimita 32 na kimo cha 52, hivyo ukurasa wa A4 unakaa humo kwa ukubwa wake halisi na nafasi inabaki. Ya 27 ukiisimamisha inafika sentimita 60 kwenda juu, na shingo italalamika.

Kama mchana unatumia laptopu ya ofisini na usiku kompyuta ya mezani, tafuta skrini ya kazi yenye tundu la USB-C linalopokea picha na kutoa chaji, wati 65 kwa laptopu nyepesi, 90 kwa nzito. Na iwe na swichi ya ndani inayohamisha kibodi na kipanya kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Kabla ya hapo nilikuwa nachomoa na kuchomeka nyaya tatu kila jioni. Angalia pia laptopu yenyewe: MacBook Air za chipu ya M1 na M2 zinakubali skrini moja tu ya nje.

Nyaya

Tundu la HDMI 2.0 kwenye 3440 kwa 1440 huishia karibu Hz 100, hata skrini iwe ya 165. Tumia tundu la DisplayPort kwa gemu. Usiamini maneno "HDMI 2.1" peke yake, kwa maana tundu linaweza kuitwa hivyo bila kuwa na kasi yote ya gigabiti 48 kwa sekunde, fungua mwongozo wa skrini na utafute ukurasa unaosema tundu hili linafika ukubwa gani na Hz ngapi. Kebo iliyokuja kwenye boksi ndiyo uanze nayo.

Siku ya kuifungua

Ukishachomeka, ingia kwenye mipangilio ya skrini na uangalie Hz. Kuna watu wameishi mwaka mzima na skrini ya 144 inayokwenda 60 kwa sababu Windows iliiacha hapo na wao hawakugusa. Kisha panga zile picha mbili za skrini kwenye mipangilio zikae kama zilivyo mezani, juu kwa juu, la sivyo kipanya kitagonga ukuta usioonekana.

Zima taa, fungua picha nyeusi tupu, kisha nyeupe, nyekundu, kijani na bluu, na utafute pikseli iliyokufa au mwanga unaovuja konani. Fanya hivyo siku ya kwanza, wakati muda wa kurudisha bado upo.

Halafu linganisha mwangaza. Fungua ukurasa mweupe kwenye skrini zote mbili, shika karatasi nyeupe katikati yao, shusha mwangaza wa kila moja hadi ifanane na karatasi, kisha rekebisha joto la rangi kwenye ile iliyo na bluu zaidi. Inachukua dakika kumi na ndiyo iliyoniondolea maumivu ya kichwa, kuliko miwani.

Na kama kadi ya michoro inapiga feni hata usipocheza chochote, huenda ni skrini mbili zenye Hz tofauti zinazoinyima usingizi. Yangu ilikuwa hivyo, 144 upande mmoja na 60 upande mwingine. Nilishusha ile pana hadi 120 wakati wa kazi, feni zikanyamaza.

Boksi usilitupe. Aliyenunua kwangu ile ya inchi 49 alitaka lile lile la awali, na alikuja na futikamba mfukoni.